Nani Akae Kwenye Kona ya Jalada

Naomba radhi kabla sijaanza, ili nikimaliza tusitafutane. Hadithi hii haikustahili kusimuliwa na mimi. Inamtaka mtu mtulivu, mwenye koo laini, anayejua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Mimi nimekulia kwenye majukwaa ya vichekesho. Kazi yangu ya maisha imekuwa kuvaa suruali iliyonizidi na kuanguka mbele za watu, na hata kwenye msiba wa jirani nikisimama kutoa rambirambi, watu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nitaiharibu, najua. Nitaruka mahali, nitarudi, nitachomeka ya kwangu. Nyinyi chukueni iliyo ya kweli, iliyobaki niachieni mwenyewe.

Mmekaa vizuri? Aliye nyuma ananisikia? Haya, tumo.

Hapa kwetu Muheza wapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza, kipaji chake kiko mikononi: hakuna kitu anachokishika akakitupa. Wa pili, kipaji chake kiko mdomoni: akishakuanzia maneno, hakuachi njiani. Wa tatu, na hapa wenye watoto wazibeni masikio, kipaji chake kiko pale mtu anapokalia: akishakaa, hainuki mpaka alichokijia kipatikane. Na katikati yao yuko binti mmoja, Siwema, aliyetaka jambo moja tu duniani: kuwa mchora katuni. Si mchora mabango ya saluni, si mwalimu wa sanaa. Mchora katuni wa vitabuni, vile vya visanduku visanduku na watu wanaotokwa na maneno kwenye viputo. Ndugu zake waliposikia, walimuuliza kama hiyo ni kazi au ni ugonjwa.

Tuanze na mwenye mikono. Huyu ni Bi Mwantumu, muuza mandazi wa pale upenuni karibu na soko. Siwema alikuwa akitumwa kwake kila asubuhi tangu hajaota meno ya mbele ya pili. Bi Mwantumu hufungia mandazi kwenye kurasa za magazeti ya zamani anayonunua kwa kilo, kama wafanyavyo wenzake wote. Ila yeye ana jicho. Aliona mtoto huyu akipewa andazi la moto, hali. Anakunjua karatasi kwanza, anaisoma huku na huku, andazi linapoa mkononi. Bi Mwantumu akasema moyoni, mtoto anayeacha andazi langu lipoe ama ananidharau ama ana jambo. Akachungulia. Karatasi ilikuwa ya katuni.

Tangu siku hiyo kurasa za katuni hazikufungia mandazi ya mtu mwingine. Magazeti yakifika alizichambua, akazitia chini ya kigoda chake, na wateja waliobaki, wakiwemo watu wenye vyeo vyao, wakafungiwa matokeo ya mpira na matangazo ya mnada. Kisha Siwema akagundua kitu. Karatasi ikishanywa mafuta ya mandazi huwa kama kioo: ukiibandika dirishani, ukaweka karatasi nyeupe juu yake, kila mstari unaupata. Akawa anafuatisha. Pua, kanzu, mbwa anayekimbia, vumbi nyuma ya mbwa. Asubuhi baada ya asubuhi, mkono ukajifunza wenyewe, hata siku moja akachora bila dirisha na mbwa akakimbia vilevile. Bi Mwantumu alipopata habari hakuuliza maswali. Alianza kuzipaka mafuta kurasa nzima, mbele na nyuma, kama mama anayempaka mtoto siku ya kwanza ya shule.

Palikuwa na tatizo, lakini halikuonekana na mtu. Kurasa zile zilichanwa na kuchanganywa. Siwema hakuwahi kuona ukurasa wa kwanza wa hadithi yoyote pamoja na wa mwisho wake. Kwake yeye katuni ni kitu kinachoanza mtu akiwa tayari anakimbia na kinachokoma kabla hajaanguka.

Akakua, akachora kitabu chake. Kilimhusu kuku aitwaye Bi Vumbi, ambaye kila wageni wakija anatakiwa achinjwe, na kila mara anajitetea kwa maneno mpaka mwenye kisu anaona haya. Akakipeleka Tanga mjini, kwa wachapishaji wa vitabu vya katuni waitwao Kwikwi. Mhariri wao ni Bwana Lutengano, mtu aliyesoma vichekesho kwa miaka mingi hata amesahau kucheka. Akikutana na kizuri sana hupumua kwa pua. Wasanii wote wa mkoa huu tunaijua pua hiyo, na wapo waliozeeka wakiisubiri.

Akafungua kurasa za Siwema. Akapumua kwa pua. Akafungua zaidi, akapumua tena. Kisha akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaweka miwani mezani.

"Mikono hii wakongwe wangu hawana," akasema. "Lakini binti, nimefungua ukurasa wa kwanza nimekuta kuku yuko mbioni, na ukurasa wa mwisho bado yuko mbioni. Ametoka wapi? Amefika wapi?"

Siwema akamjibu kwa moyo safi kabisa: "Kwani katuni huwa zinafika?"

Alirudi Muheza na kurasa zake kwapani. Kalamu akazifunga kwenye kitambaa, akamwambia wifi yake kwamba kuanzia wiki inayofuata atakwenda naye kuuza vitenge. Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa habari, nasi tungekwenda zetu.

Tuje kwa mwenye mdomo. Huyu ni Singano, dijei wa banda la video. Si dijei wa muziki. Yeye hukaa pembeni ya runinga na kipaza sauti, filamu ya Kihindi au ya Kichina inaendelea, naye anaitia Kiswahili hapohapo: ndiye mama mkwe, ndiye jambazi, ndiye farasi. Mimi mtu wa jukwaani nimemtazama mara nyingi kwa wivu, maana nikianguka huchekwa mimi, yeye akianguka anachekwa Mchina.

Sasa, banda la Singano lina desturi mbili. Ya kwanza, mtu akichelewa, hukunja shingo mlangoni na kuuliza, "Imekuwaje?" na Singano humpa mwanzo wote kwa sentensi mbili, bila kuacha kuwa farasi. Ya pili, umeme ukikatika, na kwetu hukatika, hakuna anayerudishiwa kiingilio. Singano huwasha tochi, huimulika chini ya kidevu chake, na kuwamalizia filamu kwa mdomo. Nimewahi kuiona filamu moja ikiisha kwa umeme na kwa Singano. Ya Singano ilikuwa bora, tena mchumba hakufa.

Siwema alikuwa akimchorea mabango ya nje ya banda, na Singano alipoona wiki imepita bila bango akamfuata nyumbani kuuliza. Akaelezwa yote. Hakumpa pole. Alimchukua akamkalisha kando ya kipaza sauti siku kadhaa mfululizo, kisha akamwambia maneno ambayo Siwema anayarudia mpaka leo.

"Anayechelewa anadai mwanzo. Umeme ukikatika wote wanadai mwisho. Katikati mimi sijawahi kudaiwa na mtu."

Wakaketi na kuku wao. Singano akawa Bi Vumbi, akawa mwenye nyumba, akawa wageni, akawa kisu. Kila Siwema alipochora kisanduku, yeye alisimama mlangoni kama mchelewaji na kuuliza imekuwaje, au alizima taa kwa ghafla na kudai mwisho wake. Ndipo ukapatikana mwanzo: yai linasikia wageni wakipiga hodi, linaghairi kuanguliwa. Na ukapatikana mwisho: Bi Vumbi, amechoka kujitetea, anaingia jikoni mwenyewe, anabandika chungu, anawaandalia wageni maharage. Wageni wanalamba sahani, wanasema kuku wa nyumba hii ni mtamu sana.

Kitabu kikawa kitabu. Siwema akakipeleka tena Tanga. Safari hii hakuonana na mhariri. Binti wa mapokezi akakipokea, akakiweka juu ya lundo lililokuwa juu ya kabati, akamwambia atapigiwa simu. Nyinyi mnaijua simu hiyo. Mimi ninayo ya kwangu tangu nywele zangu ziko nyeusi, bado haijalia. Siwema akangoja, akakonda, na kurudi kuulizia hakutaka, kwa sababu aliona aibu, ataonekana msumbufu.

Basi tuje kwa mwenye pale pa kukalia. Huyu ni Mwajabu, mke wa kaka yake Siwema, yaani wifi. Anauza vitenge mlango kwa mlango. Ukimwambia leo sina hela, anasema hakuja kwa ajili ya hela, ameketi tu kupumzisha miguu. Huketi mpaka chai inachemka, mpaka inanywewa, mpaka mume wa nyumba anarudi kutoka kazini na kuuliza kitenge hiki cha nani, na jibu la swali hilo siku zote limekuwa moja.

Siku hiyo Mwajabu alikuwa anajiandaa kuchambua maharage ya chakula cha jioni. Akamtazama wifi yake alivyonyong'onyea kwenye mkeka, akaweka maharage kwenye mfuko, ungo akautia kwapani, akamshika Siwema mkono, wakapanda basi la Tanga. Wakafika Kwikwi. Akaketi kwenye benchi linalotazamana na mlango wa mhariri, akaweka ungo mapajani, akaanza kazi yake.

Binti wa mapokezi akamweleza kwa adabu kwamba bosi ana kikao.

"Akae tu, mwanangu," Mwajabu akasema. "Maharage haya yana mawe mengi."

Bwana Lutengano akatoka, akamwona. Akaingia. Akatoka tena. Kila jiwe lililopatikana kwenye ungo lilidondoshwa sakafuni, ti, kwenye vigae, na kelele hiyo ndogo ikawa inamfuata mpaka ndani. Siwema anasema alitamani ardhi impasukie aingie na penseli zake. Mchana ukapita. Mwishowe mhariri akasimama mbele ya benchi akauliza mama huyu ana shida gani. Mwajabu, bila kuinua macho, akaonyesha kwa kidole lundo lililo juu ya kabati.

Alikisoma palepale, amesimama, ili mwanamke yule aende zake. Akafika kwenye yai. Akapumua kwa pua. Akaendelea, pua inafanya kazi. Akafika ukurasa wa mwisho, Bi Vumbi anawapakulia wageni maharage, kisha akainua macho, na mbele yake yuko Mwajabu na ungo, anampepetea maharage kwenye viatu.

Bwana Lutengano akacheka. Si kwa pua. Alicheka mpaka akaketi sakafuni katikati ya yale mawe, watu wakatoka vyumbani wakidhani bosi ameanguka kifafa. Hapohapo, akiwa bado chini, akasema kitabu kinachapwa.

Mpaka hapa kila mtu ana furaha, na mimi kama mngenilipa ningeishia hapa. Lakini Kwikwi wana desturi yao. Mchoraji mpya akitoa kitabu cha kwanza, kwenye kona ya chini ya jalada huachwa kidirisha chenye ukubwa wa kibiriti. Humo mchoraji huchora uso wa mtu mmoja, yule aliyemfanya awe mchoraji. Mmoja tu. Wanasema walipata kujaribu kuchora wawili, nyuso zikatoka kama punje mbili za choroko, na wote wawili wakaja ofisini kulalamika. Kidirisha kikibaki kitupu jalada haliendi mtamboni. Na jalada la Siwema lilitakiwa lifike Tanga Ijumaa jioni, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine na kitabu chake kitangoja mwaka ujao. Mchapishaji akikwambia mwaka ujao, sisi wasanii tunajua maana yake.

Siwema hakulala. Si kwamba alikosa wa kumshukuru. Shukrani zilimzidi, na kibiriti ni kidogo.

Ijumaa asubuhi akawaita wote watatu barazani kwake awaeleze. Na mimi nikaitwa, kwa kuwa ni jirani, na kwa kuwa, kama alivyosema Mwajabu, asubuhi huwa sina shughuli ya maana. Wote watatu walipofika, kila mmoja alisema asichorwe yeye, achorwe mwenzake, yeye hakufanya lolote. Walisema hivyo vizuri sana. Ila Bi Mwantumu alikuwa amesuka nywele upya, Singano amenyoa na kuchonga ndevu, na Mwajabu amevaa hereni zake za harusi, ambazo wifi yake hajaziona tangu harusi.

Siwema akaweka jalada katikati ya mkeka. Bi Vumbi amependeza, rangi zimekaa, na kona chini ni nyeupe. Tukaitazama kona ile. Kisha adabu ikaanza kupungua.

Bi Mwantumu akasema kwa upole kwamba yeye si mtu wa kujitaja, lakini bila karatasi zake mkono wa mtoto ungejifunzia wapi. Singano akamkumbusha, shikamoo kwanza, kwamba karatasi hizohizo ndizo zilizomfundisha mtoto kuku asiyefika popote, na kwamba yeye ndiye aliyemfikisha. Mwajabu akasema amfikishe wapi, alimfikisha juu ya kabati. Singano akajibu kwamba kukaa kwenye benchi hata mbuzi anaweza. Mwajabu akasema mbuzi huyo angekula kurasa, yeye kazilinda. Bi Mwantumu akamuuliza Mwajabu kama si yeye aliyekuwa akimwambia Siwema kila siku aache michoro akauze vitenge. Mwajabu akasema, ndiyo, alisema, na ndiyo maana alipoona binti amekubali kuuza vitenge kweli, alijua mambo yameharibika.

Hapo ugomvi ukapoa.

Bi Mwantumu ndiye aliyeanza. Akamwambia Siwema: "Mwanangu, mimi nina biashara ya moto na mafuta. Sina picha yangu hata moja ambayo sijafumba macho kwa moshi. Ningependa nijione nimefumbua."

Singano akasema, na safari hii hakutumia sauti ya mtu mwingine, kwamba watu wote wa mji huu wanaijua sauti yake, lakini ndani ya banda ni giza, na nje ya banda hakuna anayemjua kwa sura.

Mwajabu akasema yeye kila mlango anaobisha, wa ndani wanachungulia dirishani, wakiona ni yeye wanajifanya hawapo. Angefurahi siku moja uso wake uingie kwenye nyumba za watu na watu wenyewe wakiwa wamekinunua kitabu.

Siwema akalia. Na mimi nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Kisha nikajaribu kuokoa hali kama nilivyozoea: nikashauri achore macho ya Bi Mwantumu, mdomo wa Singano na mashavu ya Mwajabu, apate uso mmoja wa wote. Mwajabu alinitazama mpaka nikakaa chini.

Siwema akafuta machozi, akachonga penseli. "Nyote mmenifikisha," akasema, "na sina namna ya kumwondoa hata mmoja nikabaki mimi. Basi nisaidieni tu kujua niuchore uso wa nani, niwaombe radhi kina nani."

Basi huyo ndiye Siwema, na hao ndio watu wake. Bila Bi Mwantumu asingekuwa na mkono wa kuchora. Bila Singano mkono ungechora kuku asiye na kwao. Bila Mwajabu kuku mwenye kwao angefia juu ya kabati. Na siku ile ofisini, mhariri alipocheka, alichekea mistari aliyoipenda tangu mwanzo, au mwisho uliomkamata, au ungo uliokuwa mbele yake? Hata yeye aliulizwa, akasema hajui, alikuwa anacheka.

Kona ni moja. Uso ni mmoja. Je, wewe ungeamua vipi? Ungempa aliyeanzisha, aliyekamilisha, au aliyefikisha?

Fikirini, lakini msichukue muda mrefu, kwa sababu Ijumaa yenyewe ni leo. Penseli ilipokwisha kuchongwa wote wanne walinigeukia mimi, wakasema mtu mzima aamue. Nikasema nakwenda msalani mara moja, nikapitia uani, nikaruka ua, nikaja moja kwa moja hapa kwenu. Kwa hiyo jalada lile likikosa mtambo, Bi Mwantumu msimguse, Singano na Mwajabu waacheni, na Siwema hana kosa lolote. Mlaumuni mwamuzi wao, ambaye mpaka sasa hivi wanne wale wanamhurumia, wakidhani tumbo limemzidi.